Fimbo ya elfu 35 iliniumbua mbele ya mkwe

Najua wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tutawachambua wale jamaa wanaokwenda harusini na suti za kuazima. Suti zitasubiri. Yamenikuta makubwa hapa Mwanza, na nikikaa kimya kuna kijana mwenzangu atakwenda kuuziwa kimeo kama nilichouziwa mimi, naye aumbuke mchana kweupe.

Chanzo ni mdomo wangu. Baba wa mchumba wangu ni mzee wa ziwa. Amevua kwa mshipi wa mkono tangu akiwa mtoto, na viganja vyake vina mistari ambayo hata mpiga ramli hawezi kuisoma. Siku ya kwanza kukaribishwa pale kwao, nimekaa kwenye kochi jasho linanitoka, mzee akaniuliza, "Kijana, ukitoka kazini unapenda nini?" Sasa mimi kazi yenyewe ni hii ya kuandika, leo ipo kesho haipo. Nikaona nikisema napenda muziki nitaonekana mhuni. Nikampiga fiksi: "Navua, baba. Navua sangara kwa fimbo."

Mzee akakaa vizuri. "Kwa fimbo? Basi Jumamosi tutoke wote, nami nikaone."

Kasheshe! Fimbo sina, Jumamosi hiyo inakuja, mfukoni nina elfu 20. Bibie, ambaye alikuwa anajua fika kwamba samaki mimi nawajulia kwenye sahani, akanikopesha elfu 30 kutoka kwenye fedha zake za kikoba. "Zirudi kabla ya mwisho wa mwezi," akasema, na wala hakucheka.

Nikaingia duka moja la mjini. Muuzaji akanisoma haraka, akaona hapa kuna mteja. Akatoa fimbo nyeusi yenye mistari ya dhahabu na picha ya samaki anaruka. Ilikuwa ni ile ya kuchomoa kipande ndani ya kipande kama antena ya redio, ukiifunga inaingia kwenye begi la shule. Rili ipo, uzi upo, seti nzima elfu 35. "Hii mashine, braza. Inavuta hata ng'ombe." Kwa hela iliyobaki nikanunua samaki wa bandia wa kukokota, mwenye gramu 70, elfu 12. Pale juu ya kishikio cha fimbo palikuwa na maandishi madogo meupe: 10–30 g. Mimi nikadhani ni namba za kiwandani.

Jumamosi alfajiri tukatoka na boti ya rafiki yake mzee, mimi nimevaa miwani ya jua kabla jua halijachomoza. Tukapita karibu na miamba tukikokota chambo nyuma. Nusu saa, kimya. Saa nzima, kimya. Mara fimbo ikainama kama imeitwa na mwenyewe! Kule nyuma sangara akapasua maji, nusu mwili nje, mdomo wazi kama karai, anatikisa kichwa. Mimi nikafanya kama nilivyoona kwenye video: nikaisimamisha fimbo juu kabisa, nikaivutia nyuma ya sikio.

Pa!

Ilikatika kwenye kiungo cha tatu. Vipande viwili vya juu vikateleza kwenye uzi vikaenda kumfuata samaki, kisha uzi nao ukakatika. Chambo cha elfu 12, kwaheri. Nikabaki nimeshika kishikio na kigongo kifupi kama mwiko wa ugali.

Mzee hakusema neno mpaka boti ilipogeuza. Alisema yule ni kilo 15 kwenda juu. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe baba, ulikuwa unavua ziwa gani?" Jamani, bora angenitukana.

Lakini njiani kurudi Kirumba akanieleza kitu ambacho sijakisahau. Alisema mvuvi wa mshipi anamshinda samaki mkubwa kwa kujua wakati wa kulegeza. Mkono unahisi, unaachia, unavuta tena. Ukitaka kushika kitu kingine badala ya mkono, lazima kitu hicho nacho kijue kupinda na kurudi. Fimbo langu, alisema, lilijua kupendeza tu.

Nikaenda kusoma, maana aibu ni mwalimu mkali. Nikamkuta samaki wa majuu anaitwa musky, kwa kirefu muskellunge. Makao yake ni Kanada na Marekani, kwenye maziwa na mito ya majimbo kama Wisconsin na Minnesota. Watu wa Wisconsin wamemfanya samaki rasmi wa jimbo lao tangu 1955. Ni mrefu, ana meno ya kutisha, na ana maringo: wenyewe humwita samaki wa kurusha mara 10,000, yaani unarusha chambo mpaka bega linaota kutu ndipo aje mmoja. Wa rekodi, aliyevuliwa huko Wisconsin mwaka 1949, alikuwa na kilo 30 na ushee. Msicheke. Najua sangara wetu wanapita hapo. Yule wa rekodi ya kuvuliwa kwa fimbo alifika kilo 104, Ziwa Nasser kule Misri, mwaka 2000.

Kilichonivutia ni fimbo zao. Musky anapenda chambo kikubwa, gramu 85 mpaka 200 na zaidi, na mvuvi anakirusha kutwa nzima. Kikifika ubavuni mwa boti hakitoi haraka, anazamisha ncha ya fimbo majini na kukizungusha kama anaandika namba 8, kwa sababu musky ana tabia ya kufuata nyuma kama mpelelezi na kung'ata dakika ya mwisho. Kwa hiyo fimbo zao ni ndefu, futi 8 mpaka 9, na ni ngumu kwelikweli. Halafu wengi wao wakimpata humrudisha majini. Ukiwa na fimbo dhaifu unamchosha samaki muda mrefu, na maji yakiwa ya moto anakufia hata ukimwachia. Hivyo kwao fimbo nzito ni huruma kwa samaki.

Nao pia wana makapuku kama sisi. Kule fimbo ya musky ya bei nafuu ni kama dola 60 mpaka 100, na za mabwanyenye zinapita 300. Tofauti kubwa ni uzito mkononi na madoido. Makapuku wa huko husifu fimbo zilizochanganywa nyuzi za kioo na kaboni, kama Ugly Stik, ambazo kampuni ya Shakespeare imekuwa ikiziuza tangu 1976. Kaboni tupu ni nyepesi na inahisi hata samaki akipumua, lakini igonge kwenye ubao wa boti mara moja na siku ya siku itakatikia palepale. Ya nyuzi za kioo ni nzito, imepooza kidogo, ila inavumilia mateso. Mtu wa kupanda nayo daladala achukue yenye kioo.

Sasa sikiliza mkasa. Wiki mbili baadaye niko Mlango Mmoja natafuta shati la mtumba. Muuzaji mmoja alikuwa anatungulia mashati ya juu kwa ufito mrefu mweusi. Nikautazama ule ufito. Una vipete! Nikaomba kuushika, nikasoma karibu na kishikio: Musky, 8'6", XH, 50–100 lb, 3–10 oz. Roho ikapiga sarakasi lakini uso nikaukaza. Jamaa akasema hauuzi, ni kifaa chake cha kazi. Ukishasikia mtu hauzi kitu Mlango Mmoja, ujue bei inapikwa. Akaanzia elfu 90.

Hapa ndipo wale mnaotaka kununua fimbo mkae vizuri, maana muuzaji hakuambii na maandishi ni ya kizungu. XH maana yake ngumu sana, H ni ngumu, M ni ya kati. Ya kati waachie wavua sato. Lb ni nguvu ya uzi unaofaa, gawanya kwa 2.2 upate kilo. Kwa hiyo 50 lb ni kama kilo 23. Na hiyo oz ni uzito wa chambo, zidisha kwa 28 upate gramu. Hii ya mwisho ndiyo wengi tunaipita, na ndiyo iliyoniua mimi. Fimbo yangu ya antena ilitengenezwa kwa chambo cha gramu 30, nikaifunga cha 70, halafu nikaisimamisha wima. Ukishaipandisha fimbo kupita pembe ya nusu mraba na kuivutia nyuma ya kichwa, mzigo wote unahama kutoka sehemu nene unakwenda kwenye ncha. Hata fimbo ya maana inaweza kukatika namna hiyo, sembuse yenye viungo sita.

Nikamwomba fundi cherehani wa jirani futi ya kupimia. Imeandikwa futi 8 na inchi 6, mimi nikapata futi 8 na inchi 4. Aha! Ncha iliwahi kukatika, mtu akagundisha kipete upya. Kwa fimbo laini ni msiba, kwa fimbo ngumu kama hii inchi mbili si neno, inakakamaa kidogo tu pale nchani. Lakini mie nikapiga kelele kama nimeuziwa gari bovu. Nikaomba na kipande cha pamba, nikakipitisha ndani ya kila kipete. Pamba ikinasa nyuzi ujue kuna ufa, na ufa huo utaula uzi wako. Havikunasa. Nikatazama fimbo kwa jicho moja kama fundi seremala, haijapinda. Nikapitisha ukucha toka juu mpaka chini kutafuta makovu. Jamaa akachoka mwenyewe. "Chukua kwa 60, braza, uniachie mti mwingine wa kutungulia mashati." Nikamnunulia ufito.

Elfu 60 ilitoka wapi? Mhariri alikuwa amenilipa 70. Ndiyo, najua, mwisho wa mwezi ulikuwa umefika. Bibie nikampa elfu 10 iliyobaki na maneno matamu. Elfu 10 alipokea.

Kuipeleka nyumbani ilikuwa sinema nyingine. Ni kipande kimoja, haikunjiki, ina mita 2.5. Konda wa daladala alitaka ilipe nauli. Nikapanda bodaboda nimeishika wima kama bendera, watoto wa mtaani kwetu wakanipigia saluti. Kama huna roho ya kustahimili hayo, tafuta ya vipande viwili, na hakikisha kiungo kinashika kwa kina bila kuchezacheza. Za antena nimeapa.

Kumbe balaa bado. Chini ya kishikio ina kidoko kama cha bunduki. Hiyo maana yake rili inakaa juu ya fimbo na vipete viko juu. Rili yangu ya dukani ni ile ya kuning'inia chini, haiendani nayo kabisa. Kwa hiyo anayekuuzia fimbo nafuu muulize kwanza inataka rili gani, maana rili inaweza kuzidi bei ya fimbo yenyewe. Nilikuwa karibu kulia. Nikaenda kwa mzee kichwa chini, nikamwonyesha ufito wangu.

Mzee akaushika, akaubonyeza taratibu dhidi ya zulia, akautazama unavyorudi. Akaingia chumbani. Akatoka na rili ya duara, ya chuma, imefungwa kwenye kitambaa cha jikoni. Aliachiwa na mtalii mmoja aliyewahi kumwendesha boti, ikakaa kabatini miaka. Iliingia kwenye kile kishikio kama pete ya ndoa.

Breki ya rili alifunga mwenyewe, kwa mizani ya kuning'iniza samaki. Alinishikisha fimbo, akafunga uzi kwenye ndoano ya mizani, akavuta mpaka rili ikaanza kutoa uzi kwenye kilo 6, akasema tosha. Uzi wetu ni wa kilo 23, kwa hiyo ni kama robo yake. Samaki akizidisha hapo uzi unatoka, haukatiki. Ndiyo ule mkono wake wa kulegeza aliokuwa akiusema, sasa umo ndani ya chuma. Sehemu ya mwisho ya uzi tukaweka nailoni nene, kwa sababu mdomo wa sangara unakwaruza kama msasa. Waya wa chuma tukauacha kwa wenye musky, maana huyo ana meno ya kukata.

Kabla hujakimbilia ziwani, pitia ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize habari za leseni, na ukipata sangara chini ya sentimita 50 mrudishe, ni sheria. Sisi wa kwanza tulimrudisha. Wa pili nilimvuta mimi, fimbo chini, kiwiko kimebana ubavuni, mzee nyuma yangu anasema "acha aende, acha aende" mpaka mikono ikatetemeka. Kilo 11. Mama mkwe alimpika kwa nazi, kichwa akapewa mgeni, na mgeni nilikuwa mimi.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Fimbo tangu siku ile iko kwa mzee, imesimama nyuma ya mlango wa sebuleni, kwa sababu rili ni yake na kuifungua kila mara, anasema, kutalegeza skrubu. Jumamosi mbili ameshatoka nayo bila mimi. Kuidai siwezi, maana wazee wangu wanakwenda pale mwezi ujao kuzungumzia mahari. Na bibie anasema deni bado ni elfu 20.