Kumsomesha mwanao nyumbani si uhalifu

Ndugu yangu, dada yangu, hebu jiulize: mzazi anayemkalisha mwanawe mezani kila asubuhi akamfundisha hesabu, Kiswahili na sayansi, amemkosea nani?

Soma Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30. Kila mzazi lazima ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Ukiletewa ilani na mwalimu mkuu, ukakaidi bila sababu ya maana, umetenda kosa. Lakini utaratibu wa kumsajili anayesomea nyumbani hauupati humo. Basi unabaki kwenye huruma ya afisa. Akiwa mpole, umepona. Akiwa mkali, utajieleza kituoni.

Watakwambia Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kweli kabisa. Lakini kilicho lazima ni elimu, si geti la shule. Na Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya wanawe.

Ila tusidanganyane. Binti anayewekwa nyumbani apike na alee wadogo zake hasomeshwi. Amedhulumiwa, na mzazi kama huyo hatumtetei hata akitumia jina la dini.

Ndiyo maana hatuitishi holela. Tunaitisha daftari la usajili, mkaguzi anayebisha hodi kwa heshima, na mtihani. Afrika Kusini iliweka usajili kwenye Sheria ya Shule ya 1996. Ufaransa ikaenda kinyume: baada ya hotuba ya Rais Macron ya Oktoba 2020 dhidi ya siasa kali za Kiislamu, ikaja sheria ya 2021. Tangu Septemba 2022 mzazi haarifu tu, anaomba kibali, na dini haimo kwenye sababu zilizoorodheshwa. Walianza na sisi, wakaishia kuwabana wazazi wa kila imani.

Hapa kwetu wako Wakristo pia wanaosomesha nyumbani. Tushikane nao. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni sheria irekebishwe. Huhitaji kuwa wakili. Andika, kusanya sahihi, mfuate mbunge wako.

Ama tunangoja mzazi alale seli ndio tuanze kupiga kelele?