Zambia: Asidi ya Kafue imepungua, sumu imekwenda wapi?

Februari 18, 2025, ukingo wa bwawa la tope sumu la kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia ulibomoka huko Chambishi, katika jimbo la Copperbelt. Maji yenye asidi na metali nzito yalitiririka hadi Mto Kafue, samaki wakafa, na mji wa Kitwe wenye wakaazi wapatao 700,000 ukakatiwa maji. Serikali ilituma mashua na ndege za jeshi la anga kumwaga chokaa mtoni ili kuivunja nguvu asidi hiyo.

Hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Hata hivyo, kupungua kwa asidi ni jambo moja, na kuondoka kwa sumu ni jambo jingine.

Kwa kawaida, chokaa inapopunguza asidi, chuma hutangulia kuganda na kuzama, kisha shaba hufuata. Manganizi na kobalti huhitaji chokaa nyingi zaidi, hivyo maji yanaweza kupimwa na kuonekana hayana asidi ilhali bado yamebeba metali hizo. Nazo zilizozama hazikutoweka: zimelala katika mashapo, na asidi ikirudi zinaweza kuyeyuka upya.

Mahesabu ya aina hii hufanywa kwa programu za kompyuta zinazotumia kanuni za themodinamiki. Mojawapo ni PHREEQC, inayotolewa bure na Idara ya Jiolojia ya Marekani. Mtaalamu huingiza kiwango cha asidi, joto la maji na kiasi cha kila metali, nayo programu hukokotoa kipi kitabaki kimeyeyuka na kipi kitaganda. Huonesha mabadiliko yanaelekea wapi, ingawa kanuni hizo pekee hazisemi yatachukua muda gani.

Kwa hiyo kikwazo si bei ya programu. Kikwazo ni vipimo, kwani kompyuta haiwezi kukisahihisha kilichopimwa vibaya, wala kukokotoa kisichopimwa kabisa.

Hapo ndipo penye mvutano. Awali ilielezwa kwamba zilimwagika lita milioni 50. Baadaye Drizit, kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa imeajiriwa kutathmini uharibifu huo, ilitaja tani milioni 1.5, makadirio ambayo Sino-Metals iliyakataa. Tofauti hiyo ni ya takriban mara 30. Anayeanza na takwimu ya kwanza na anayeanza na ya pili watatumia kanuni zilezile, lakini watafikia majibu mawili yasiyolingana kuhusu mashamba, visima na fidia ya wakulima.

Suala hili halihusu Kitwe pekee. Kafue husafiri zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kuingia Zambezi, na jiji la Lusaka pia huchota sehemu ya maji yake humo. Upande wa pili wa mpaka, miamba hiyohiyo ya shaba na kobalti huchimbwa Kolwezi na Likasi nchini Kongo, ambako wanakijiji nao huishi kando ya mito inayopokea maji ya migodi.

Mkulima wa kando ya Kafue hahitaji kuielewa themodinamiki. Anachostahili ni vipimo vya maji na vya mashapo, vinavyochukuliwa kila msimu na kutangazwa hadharani, ili mtaalamu yeyote asiye na maslahi aweze kuyarudia mahesabu na kumwambia kama kisima chake ni salama.