Mcheza kwao hutunzwa, siyo kuchangiwa

Keti kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale, Mombasa, uulize Benson Wanjau ni nani. Utaangaliwa tu. Sasa taja Mzee Ojwang. Hata kijana ambaye hajawahi kuona Vitimbi ya KBC atatabasamu, maana nyumbani kwao kuna mtu aliyekuwa akimwiga.

Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Lakini lafudhi yake ya Kijaluo ilikolea hadi wengi wakaamini ni mtu wa Nyanza. Hicho ndicho kipaji. Shida ni kwamba mhusika akipendwa sana, humeza jina la mwenyewe. Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, Wakenya walimlilia Papa Shirandula, yule bawabu wa Citizen TV.

Kuna ubaya gani? Kwanza kuna uzuri. Mhusika mmoja akishika, mwigizaji hupata kazi ya miaka, matangazo ya biashara, mialiko ya sherehe. Lakini kofia ikishakukaa kichwani, hakuna anayekupa nyingine. Kila anayekupigia simu anamtaka yule yule, kwa sauti ile ile. Kipindi kikifungwa, umaarufu unabaki ila mshahara unakwenda zake. Ojwang alipoanza kusumbuliwa na macho uzeeni, mashabiki walipitisha mchango wa matibabu.

Hapa jirani, Tanga, kulikuwa na Amri Athumani, King Majuto. Mombasa tulimchukua kama mzee wa mtaani kwetu, kwa Kiswahili kile kile cha Pwani na utani ule ule. Sura yake iliuza filamu na bidhaa. Lakini mwaka wa 2018, akiwa mgonjwa, suala la mikataba aliyotia saini lilifika hadi kwa waziri. Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Agosti 8 mwaka huo, mzee akafariki.

Mbona tunawaambia haya vijana wa Mombasa sasa? Kwa sababu milango imeanza kufunguka. Kampuni ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla ilituletea Sultana kwenye Citizen TV mwaka wa 2022, lafudhi ya Pwani ikaingia sebuleni nchi nzima. Mwanaasha Johari, aliyeigiza binti asiyeona, alikuwa akiitwa Sultana kila kona. Ni heshima. Lakini ni mtego pia, hasa kwa msanii wa Pwani, ambaye mara nyingi huitwa tu pakitakiwa mganga, jini, bichi boi au bibi wa buibui mwenye umbea. Kwani hakuna daktari Kibokoni? Hakuna wakili Majengo?

Basi tusemezane ukweli. Ewe unayefanya mazoezi ya uigizaji Little Theatre au kurekodi video kwa simu hapo Forodhani, usitie saini karatasi usiyoielewa eti kwa sababu umeahidiwa kuonekana. Uliza: kipindi kikirudiwa, nalipwa? Kikipelekwa YouTube je? Sura yangu ikitumika kwenye tangazo? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inatambua haki za waigizaji, na kuna chama cha kukusanya malipo yao. Jisajili mapema, usingoje mvi.

Watayarishaji nao wawape wakongwe kazi mpya. Aliyetuchekesha miaka 20 anaweza kutuliza pia, ila haandikiwi sehemu hiyo. Runinga zinazorudia vipindi vya zamani zikumbuke kwamba vicheko vile vina wenyewe, na wengine bado wako hai na wanalipa kodi ya nyumba.

Na sisi watazamaji? Tujifunze majina yao halisi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kutunza maana yake ni kumtuza angali uwanjani, ngoma ikilia. Namba ya mchango kwenye grupu la WhatsApp, mzee akiwa kitandani, ni sadaka. Sadaka ni njema, lakini haijawahi kuwa mshahara.