Jina la Daktari wa Meno Hutoka Vinywani Mwetu



Siku hizi vijana wanaohitimu udaktari wa meno hupewa nasaha moja: jitengenezee jina. Huambiwa wajinadi kama bidhaa, wapige picha za meno meupe na kuzisambaza katika simu, wajulikane kabla wenzao hawajajulikana. Sisi wakata miwa wa Busoga na wenzetu wa viwanda vya Jinja tunaweza kuuliza, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu, maana meno yanayonadiwa ni yetu, na fedha inayolipwa ni jasho letu.

Hatuwalaumu vijana kwa kutaka kujulikana. Kijana ametoka Makerere, wazazi wameuza ng'ombe kwa ajili ya karo, amefungua chumba mjini, na wiki nzima kiti chake hakikaliwi na mtu. Njaa haiheshimu cheti.

Wala jambo hili si geni. Huko Marekani alikuwako daktari wa meno, Edgar Parker, mzaliwa wa Kanada, aliyehitimu Philadelphia mwaka 1892. Alipokosa wagonjwa alizunguka na bendi ya matarumbeta, akang'oa meno hadharani kwa senti 50, akaahidi kumlipa dola 5 yeyote atakayeumia. Aliyelia hakusikika, kwa sababu matarumbeta yalikuwa yakipigwa. Mwaka 1915 alibadili jina lake kisheria akawa Painless Parker, yaani Parker Asiyeumiza. Tumtendee haki: alisema kweli kwamba watu wa kipato kidogo nao wanahitaji kutibiwa meno. Lakini sisi tuikumbuke ile bendi.

Mwenzetu mmoja wa kiwandani alivutiwa na picha za daktari kijana mjini. Aliambiwa atapunguziwa bei akikubali kupigwa picha kabla na baada ya matibabu. Alikubali, kwani mshahara ni mdogo. Meno ya mbele yakasafishwa yakang'aa, akapigwa picha akicheka. Gego lililokuwa likimwuma, ambalo halionekani katika picha, likaachwa. Haikupita wiki mbili shavu likavimba, akakosa zamu nne, na huku uso wake ungali unacheka katika simu za watu. Tulipokwenda kuomba picha iondolewe, tulijibiwa kwamba mgonjwa alikubali mwenyewe. Ndugu, mtu asiye na fedha akiambiwa atoe uso wake ili apunguziwe bei ya dawa, huko ni kubanwa, wala tusikuite kukubali.

Tunamjua daktari mwingine, binti wa kituo cha afya cha serikali. Hana picha hata moja. Alikuja kambini kwetu siku ya Jumapili, akawakuta akina mama wakiwapeleka watoto wenye homa na kuhara wakang'olewe kile kinachoitwa ebinyo. Hakuwatukana. Aliketi nao mkekani, akawaeleza kwamba kinachochimbwa katika ufizi ni chipukizi la jino la kweli la mtoto, na kwamba chombo kichafu chaweza kumwua. Mtoto anayehara anywe maji ya chumvi na sukari, apelekwe kituo cha afya upesi. Leo akina mama wa kambi za jirani humwulizia kwa jina. Jina hilo wamempa wao.

Basi ninyi madaktari vijana, tunawaambia kwa heshima. Tajeni bei kabla ya kushika koleo. Jino linaloweza kuzibwa lizibwe, msiling'oe kwa kuwa kung'oa ni haraka. Mkichoma sindano ya ganzi, ngojeni ishike. Mgonjwa akirudi na malalamiko, mpokeeni kama siku ya kwanza. Na picha ya mgonjwa isiwe sehemu ya bei hata siku moja. Tena kumbukeni kuwa wengi wenu mmeajiriwa katika kliniki za watu. Anayewahimiza mshindane kila mtu na jina lake hapendi mkae pamoja mzungumzie mshahara na saa za kazi. Ninyi pia ni wafanyakazi.

Nasi tuna wajibu wetu. Wajumbe wa chama wanapokaa na mwajiri kuchagua kliniki ya wafanyakazi, wasiangalie mabango. Wadai kuona leseni ya mwaka huu kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda. Waulize jinsi vyombo vinavyotakaswa baada ya kila mgonjwa. Kisha wamtafute mfanyakazi aliyetibiwa hapo mwaka jana, wamwulize kama jino lake bado linatafuna. Jibu lake lisomwe mkutanoni, kila mtu asikie, kabla mkataba haujatiwa sahihi.

Umoja ni nguvu!