Dola la Wafanyakazi Lililokosa Sabuni



Katika mikutano ya matawi tunaulizwa mara kwa mara: kama dola la Urusi ya Kisovieti lilikuwa la wafanyakazi, mbona lilipoanguka wafanyakazi wenyewe hawakulitetea? Wengine hujibu haraka kwamba ni njama za mabepari. Sisi tulioshughulika na mambo ya chama kwa miaka mingi tunaona jibu hilo halitoshi.

Mwanzo wake ulikuwa wetu kweli. Tarehe 8 Machi 1917 wanawake wa viwanda vya nguo mjini Petrograd waliacha mashine wakatoka barabarani kudai mkate. Wanaume wa viwanda vya chuma wakawafuata, na kabla ya wiki kwisha askari waliotumwa kuwapiga wakageuka upande wao. Mfalme akaondoka. Novemba mwaka huo chama cha Lenin kikashika serikali, na siku chache baadaye ikatoka amri ya kazi ya saa 8 kwa siku. Nani kati yetu tunaochuma chai tangu alfajiri ataidharau amri hiyo? Na nchi hiyo, baada ya kupoteza watu wapatao milioni 27 katika vita vya Hitler, ilimpeleka Gagarin angani mwaka 1961. Vijana wa Afrika nao walisomeshwa Moscow, katika chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba. Hayo hatuyafichi.

Lakini chama cha wafanyakazi kilifanywa nini? Mkuu wake, Tomsky, alipingana na Stalin akaondolewa mwaka 1929. Mwaka 1936 akajiua. Tangu hapo kazi ya chama ikawa kuhimiza uzalishaji na kugawa nafasi za likizo. Juni 1940 ikatoka sheria: kuacha kazi bila ruhusa, jela miezi 2 hadi 4, kuchelewa zaidi ya dakika 20, kukatwa mshahara. Wazee wetu waliofungwa kwa kutoroka mashamba ya mkoloni wangeitambua sheria hiyo mara moja.

Juni 1962, mjini Novocherkassk, bei ya nyama na siagi ilipandishwa huku malipo yakipunguzwa. Wafanyakazi wa kiwanda cha injini za treni wakagoma. Walipigwa risasi, 26 wakafa, na wengine 7 wakahukumiwa kifo. Maiti zilizikwa kwa siri. Chama chao hakikusema neno.

Julai 1989 wachimba makaa wa Mezhdurechensk, huko Siberia, waligoma. Moja ya madai yao lilikuwa sabuni. Mtu ametoka chini ya ardhi mweusi kama chungu, na dola lenye makombora halina sabuni ya kumpa! Mgomo ukaenea hadi Donbass na Vorkuta. Tume ya serikali ilipofika kuzungumza nao, mkuu wa vyama vya wafanyakazi alikuja akiwa mjumbe wa tume hiyo. Wachimbaji wakachagua kamati zao wenyewe.

Hapo sisi hatucheki. Katika shamba moja tuliwahi kukaa upande wa meneja tukinywa chai yake, na mama mmoja mchumaji akatuuliza mbele ya watu kama tumekuja kumsikiliza au kumhesabia kilo. Hatukuwa na jibu.

Yako mambo mengine yaliyoliangusha: silaha, vita ya Afghanistan, mataifa yaliyotaka uhuru wao. Tarehe 25 Desemba 1991 bendera ikashushwa, zikabaki nchi 15.

Wanaosema kwamba ubepari uliwaokoa wale wachimbaji, wasikilize na hili. Viwanda na migodi viliuzwa, na mishahara ikawa hailipwi kwa miezi mingi. Mwaka 1998 wachimbaji walikalia reli treni zisipite, na wengine wakapiga kambi Moscow mbele ya jengo la serikali, wakigonga kofia zao za kazi barabarani mchana kutwa, wakidai mishahara yao.