Muvi ya wachawi isiyo na mchawi hata mmoja

Jumamosi iliyopita tulikuwa sita chumbani kwangu hapa Mtwapa, laptopu juu ya stuli, feni ikizunguka kwa shida. Zamu ya kuchagua filamu ilikuwa yangu. Nikachagua Witchfinder General, muvi ya Uingereza ya mwaka 1968. Hata nusu saa haijaisha, lawama zikaanza.

“Kwani mchawi anatokea saa ngapi?” akauliza binamu yangu. Jirani akasema damu yenyewe ni rangi ya kupaka geti. Jamaa wa bodaboda akaona ingenoga kama ingesimuliwa na DJ Afro. Mwisho wake watu wanne wakatoa hukumu: hii si muvi ya kutisha, ni ya kuudhi tu.

Kuhusu damu sibishani. Mwongozaji, Michael Reeves, alikuwa na miaka 24 filamu ilipotoka, na bajeti yake haikufika pauni 100,000. Nyota wake ni Vincent Price, yule yule ambaye kicheko chake kinafunga Thriller ya Michael Jackson. Hapa hacheki. Anacheza Matthew Hopkins, mtu aliyekuwepo kweli, ambaye miaka ya 1645 hadi 1647, Uingereza ikipigana yenyewe kwa yenyewe, alizunguka vijijini mashariki mwa nchi akiwinda wachawi kwa malipo. Ukitajwa, unachomwa sindano mwilini. Ama unafungwa na kutupwa majini: ukielea wewe ni mchawi, unanyongwa. Ukizama huna hatia, ila unaweza kuwa umeshakufa maji.

Sasa ile kwamba haitishi, hapo ndipo nakataa. Mchawi hatokei kwa sababu hayupo. Kuna jirani mwenye kinyongo, kuna mtu anayelipwa, na kuna umati. Jini la kwenye muvi nikizima laptopu limekwisha. Jirani nitamkuta asubuhi tukinunua mahamri.

Mtazamaji wa sita hakuwa amesema kitu. Ni rafiki yangu, kwao Ganze. Padri mzee kwenye filamu, John Lowes, alipoburutwa na watu wanaomfahamu miaka yote, yeye alitoka nje. Baadaye nikamuuliza kulikoni. Akaniambia babu yake hupaka nywele rangi nyeusi kila mwezi, na si kwa urembo. Hataki mvi zionekane.

Kama wewe ni wa Kilifi, sina haja ya kukueleza zaidi. Mvi na macho mekundu vimeshawamaliza wazee wetu wengi. Wengine wamekimbia makwao na kuhifadhiwa Kaya Godoma, huko huko Ganze. Na ukichimba kisa kimoja kimoja, mara nyingi unakuta shamba: mzee akiondoka, ardhi inagawanywa au inauzwa. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1925, na kumwita mtu mchawi pia ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo. Lakini ni nani aendaye polisi kumshtaki mwanawe?

Kuna kipande kimoja wenzangu walikipita tu wakichekacheka. Mwanamke ameshachomwa moto katikati ya mji, watu wametawanyika, na watoto wanachoma viazi kwenye majivu yale yale. Hakuna muziki wa kutisha, hakuna anayepiga kelele. Nilikumbuka video niliyowahi kutumiwa kwenye grupu la WhatsApp, mzee amezingirwa na vijana wa rika letu, na chini yake vikatuni vya kucheka vimejaa. Sikucheka, lakini pia sikuandika neno. Niliendelea kula.

Kosa langu na Reeves ni mwisho wake. Anatupa adui mmoja wa kuchukia, kisha anampa kijana shoka alipize kisasi. Huku kwetu hakuna Hopkins anayekuja na farasi kutoka mbali. Ni mtoto wa kaka, ni mkaza mwana, ni aliyekula sahani moja na mzee Krismasi. Utampiga nani shoka?

Ndiyo maana naona The Letter ya Maia Lekow na Chris King, ya 2019, inaipita muvi ya Reeves kwa mbali. Kijana anaitwa Karisa, anaishi mjini, na anakuta nyanya yake ameitwa mchawi kwenye Facebook. Anarudi kijijini kutafuta ukweli. Hakuna waigizaji, hakuna rangi ya geti. Wanaomshuku nyanya ni jamaa zake, na kamera inawapa nafasi ya kuongea. Kenya iliipeleka kushindania Oscar, na bado pale chumbani walioijua tulikuwa wawili, ilhali ni hadithi ya pwani yetu.

Nilipowaeleza, binamu yangu akauliza swali lake lile lile. Nikamwambia la, humo pia hakuna mchawi. Akaguna. Jumamosi hii zamu ni ya rafiki yangu wa Ganze, na ameshasema ataleta hiyo hiyo. Binamu akitaka mchawi, simu anayo, muvi za Nigeria zimejaa.