Programu za kukodi kwa chipu za mwanga: nani atabaki na mchoro?

Mkulima wa mpunga wa Idodi hana haja ya kununua mashine ya kukoboa. Hupeleka magunia yake mashineni, hulipia kazi iliyofanyika, kisha huondoka na mchele wake. Mwenye mashine hubaki na mashine, mwenye mpunga hubaki na mali yake, na mwakani akitaka kwenda kwa mtu mwingine hakuna wa kumzuia. Biashara hii inaeleweka na kila mtu katika tarafa hiyo ya Iringa Vijijini, tangu Mapogoro hadi Tungamalenga.

Leo tunatazama bidhaa ambayo haijafika katika minada yetu, nayo ni programu za kubunia vifaa vya kompyuta vinavyofanya kazi kwa mwanga. Kwa nje zinauzwa kwa mtindo kama ule wa mashine ya kukoboa. Mteja hanunui programu, anaikodi kupitia intaneti, na kompyuta kubwa za mwenye mali, zilizoko ng'ambo, ndizo zinazofanya kazi. Wenyewe huuita mtindo huu "wingu". Kwa maoni yetu, kukodi mashine ni jambo jema kwa nchi yenye mtaji mdogo. Kukodi hata mchoro wako mwenyewe ni hasara, na tofauti ya mambo hayo mawili imo katika mkataba ambao wengi hawausomi.

Kwanza bidhaa yenyewe. Kompyuta ya kawaida huhesabu kwa umeme unaopita katika transista. Umeme huo huzaa joto, na makampuni yanayoendesha akili bandia yanalipa ankara kubwa za umeme na za kupoza mitambo. Ndiyo sababu mtaji unakimbilia kwenye mwanga. Lightmatter, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2017 na watu waliotoka chuo cha MIT, ilithaminiwa dola bilioni 4.4 Oktoba 2024. Aprili 2025 kampuni hiyo na mshindani wake, Lightelligence, kila moja ilichapisha katika jarida la Nature maelezo ya mtambo wake unaotumia mwanga kufanya hesabu.

Ndani ya chipu ya namna hii mna mifereji ya silikoni, yenye upana wa nanometa 500 hivi na kimo cha nanometa 220. Mtu aliyekulia kwenye majaruba ya Idodi atalielewa jambo hili haraka kuliko mtu wa Kariakoo. Mwanga wa leza huingia mferejini, hugawanywa mara mbili kama maji kwenye mlango wa mfereji, mkono mmoja hucheleweshwa kidogo, kisha mikono yote miwili hukutana tena. Mawimbi yakienda pamoja, mwanga hutoka kwa nguvu. Yakipingana, hufutana. (Hapo mfano wa maji unakoma, maana maji hayafutani.) Kwa kupima ucheleweshaji huo, kila makutano huweza kuzidisha namba. Ukiyapanga mengi, unapata jedwali zima la kuzidisha, na hesabu za namna hiyo ndizo sehemu kubwa ya kazi ya akili bandia.

Tusidanganyane. Kumbukumbu ya kompyuta bado ni ya umeme, na kugeuza umeme kuwa mwanga na kuurudisha tena kunakula sehemu ya faida. Kompyuta ya mwanga ya kuweka mezani haijaingia madukani. Soko lililo karibu zaidi ni la kusafirisha takwimu kwa mwanga kati ya chipu na chipu, kazi ambayo nyaya za mwanga hufanya tayari kati ya mji na mji. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa unapita Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Mwanga unaotumika sana katika nyaya za masafa marefu, wa urefu wa wimbi wa mikroni 1.55 hivi, ndio pia unaotumika sana katika chipu hizi.

Sasa gharama. Kabla mtu hajaagiza chipu, lazima aijaribu kwenye kompyuta. Programu huikata chipu katika vijisanduku vidogo mno, kisha huhesabu mwanga katika kila kijisanduku, hatua baada ya hatua. Kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi hukwama, au huhesabu usiku kucha. Hapo ndipo makampuni kama Flexcompute ya Marekani, yenye programu iitwayo Tidy3D, yanapoingia. Unatuma mchoro, mitambo yao inahesabu, unalipa kwa kadiri ulivyotumia.

Sisi tuliosoma biashara tulifundishwa kutenganisha gharama za kudumu na gharama zinazobadilika. Wingu linageuza ya kwanza kuwa ya pili. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, yaani MUST, hakilazimiki kununua mtambo mkubwa, kuupoza, na kuulinda na umeme unaopanda na kushuka, kwa ajili ya kazi ya wiki tatu kwa mwaka. Kwa hili hatuna ugomvi na mtu.

Bei, hata hivyo, ni ya dola. Machi 2025 zilitolewa kanuni za kukataza bei za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni, lakini kanuni hizo hazifiki Boston. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, mtoa huduma za kielektroniki aliye nje naye ameingizwa katika utaratibu wa kodi ya ongezeko la thamani, na mlipaji wa mwisho ni yule yule mteja. Mhasibu wa chuo anayepanga bajeti kwa shilingi anabeba hatari ya kubadilika kwa thamani ya fedha bila kuambiwa kwamba anaibeba.

Hayo yanavumilika. Lisilovumilika ni la mchoro. Chukua mfano wa kijana aliyetoka sekondari ya Idodi akaingia chuo kikuu. Mwaka mzima anachora mifereji yake ya mwanga katika programu iliyoko wingu tu. Likizo anarudi nyumbani, mtandao hafifu, faili haifunguki. Akihitimu, akaunti ya chuo inafungwa, na kazi ya miaka mitatu inabaki kwa mwenye mashine. Mpunga umekobolewa, mchele haukurudi.

Matukio ya karibuni yanaonyesha kwamba hofu hii ina msingi. Mwaka 2020 Autodesk ya Marekani ilipunguza haki za wanaotumia bure programu yake ya Fusion 360, na ikaweka kikomo cha michoro 10 inayoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba programu ya EAGLE, iliyotumiwa miaka mingi na mafundi wa saketi, ingesitishwa Juni 2026. Kisha Machi 2025 Efabless, iliyokuwa ikiwakusanyia wabunifu wadogo maagizo ya chipu na kuyapeleka kiwandani, ilifunga milango kwa kukosa fedha, na maagizo ya wateja yakakwama. Mradi mmoja wa wateja hao, Tiny Tapeout, uliendelea kupitia milango mingine, ukiwemo wa taasisi ya IHP ya Ujerumani. Uliweza kwa sababu michoro na programu zake zilikuwa huria. Waliopoteza walipoteza fedha na muda, lakini walikuwa na cha kuanzia.

Wapo watakaosema haya ni ya Ulaya na Marekani. Basi tuje Bagamoyo. Taasisi ya Afya Ifakara, karakana ya STICLab ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza walishirikiana katika hadubini iitwayo OpenFlexure, ambayo mwili wake huchapwa kwa plastiki, na maelezo yake ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 2020. Ndani yake mna kamera ndogo, lenzi ya maabara na kompyuta ya Raspberry Pi, na jukwaa lake husogea kwa hatua zilizo chini ya mikroni moja, kiasi cha kutosha kutafuta vimelea vya malaria katika damu. Toleo kamili lilikadiriwa kugharimu paundi mia kadhaa tu za Uingereza. Mchoro wake umeandikwa katika OpenSCAD, programu ya bure, na faili ziko wazi kwa yeyote. Sehemu ikivunjika, fundi wa Dar es Salaam anachapa nyingine bila kumwandikia barua mtu yeyote. Si kompyuta ya mwanga, ni kifaa cha mwanga chenye kompyuta ndani, lakini inathibitisha kwamba kazi ya namna hii inafanyika hapa nchini pale mchoro unapokuwa mikononi mwetu.

Na kwa chipu zenyewe njia ipo. KLayout na gdsfactory huchora, Meep ya MIT huhesabu mwanga, zote bure na zote hukaa kwenye kompyuta yako. Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada kimeendesha kwa njia ya intaneti kozi ambayo mwanafunzi popote alipo huchora saketi ya mwanga, ikatengenezwa kweli, ikapimwa, naye akarudishiwa vipimo.

Ubaya wake tuuseme. Programu huria ni ngumu kujifunza, na viwanda vingi havikupi vipimo vyao bila kutia saini mkataba wa siri, ambao hauwezi kuweka wazi hata ukitaka. Hesabu kubwa bado itahitaji mtambo wa kukodi. Basi ukodiwe kwa saa hizo tu. Mchoro uanzie kwenye kompyuta ya mwanafunzi, uende ukahesabiwe, urudi.

Kwa hiyo afisa ununuzi wa chuo chochote cha Nyanda za Juu Kusini anayewekewa mkataba wa mwaka mzima mezani ana maswali ya kumuuliza muuzaji. Faili zinatoka kwa muundo gani, na programu nyingine inaweza kuzifungua? Mkataba ukiisha, tuna siku ngapi za kuzichukua? Bei ikipanda katikati ya mwaka, nani anafidia? Muuzaji asiyeweza kujibu la kwanza kwa maandishi hastahili kulipwa hata kwa mwezi mmoja. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na maswali haya yanafaa kuulizwa kabla bajeti haijafungwa.